Anga la Jioni na Kopo la Mana

Sisi Waadventista tunayo sababu ya kutazama magharibi ambayo wengi wa majirani zetu hawana. Siku yetu huanza jioni. Ndivyo Mwanzo 1 inavyohesabu, jioni kwanza ndipo asubuhi, na ndivyo Walawi 23:32 inavyoagiza. Katika Marko 1:32 tunawaona watu wa Kapernaumu wakingoja jua litue kabla ya kuwabeba wagonjwa wao hadi mlangoni alipokuwa Yesu.

Hata hivyo jambo hili halikuwa wazi tangu mwanzo kwa waanzilishi wetu. Joseph Bates, aliyekuwa nahodha wa meli kabla ya kuwa mhubiri, alifundisha kwamba Sabato ianze saa 12 jioni kila mahali na mwaka mzima, kwa kuwa ndiyo saa ya jua kutua kwenye ikweta. Wengi walimfuata hadi mwaka 1855, J. N. Andrews alipoyachunguza Maandiko na kuonyesha kwamba Biblia haisemi habari ya saa, inasema habari ya jua. Ajabu ni kwamba hata sisi tunaoishi karibu na ikweta yenyewe kanuni ya Bates ingetukosesha. Musoma, kwa mfano, iko mbali magharibi katika ukanda wake wa saa, hivyo jua huzama kati ya saa 12:30 na kitu na saa 1 na dakika chache, kutegemea mwezi.

Leo ni wachache kati yetu wanaotazama jua lenyewe. Tuna kalenda ukutani yenye jedwali la machweo, na vijana wana programu kwenye simu. Silaumu. Mama anayepika ugali wa Ijumaa hana nafasi ya kupanda kilimani kuangalia. Lakini inafaa kukumbuka kwamba jedwali lile ni barua ya utambulisho tu, na mwenye kutambulishwa yuko nje.

Nayasema haya kwa sababu ya swali lililozuka katika darasa moja la Shule ya Sabato huko Musoma. Nilikuwa mgeni siku ile, na swali lenyewe sijaliona likimalizika. Lilihusu ndugu mmoja, mhasibu kwa kazi yake, mpiga picha kwa mapenzi tu. Hajawahi kulipwa hata shilingi moja kwa picha. Kwa karibu miaka mitatu amekuwa akishuka kwenye mawe ya ufukweni kila jioni awezapo, kwanza kwa simu, baadaye kwa kamera aliyoinunua ikiwa imetumika, na stendi ya miguu mitatu aliyoiunga mwenyewe. Anapiga picha ya kitu kimoja: anga juu ya ziwa jua linapozama na baada ya kuzama. Ana maelfu ya picha. Ukimwuliza kama ameipata ile anayoitaka, anatikisa kichwa.

Swali liliulizwa na mkewe, tena bila ukali. Siku ya Ijumaa mumewe hufika nyumbani giza likiwa limeingia, wakati watoto wameshaimba na kusali kufungua Sabato. Alitaka darasa limwambie: je, kupiga picha machweo ya Ijumaa ni kuivunja Sabato, au ni kuipokea?

Mzee mmoja alisema upesi kwamba ni kazi. Kijana mmoja alisema upesi vilevile kwamba ni ibada, akataja Zaburi 19. Basi pande mbili zikakaa hivyo, kila mmoja na fungu lake, kama tunavyojua kufanya. Nadhani wote wawili waliruka hatua moja. Kabla ya kuuliza kama jambo limeruhusiwa, tuulize ni jambo gani hasa. Mtu anayepiga picha anga la jioni anafanya nini? Anataka nini kutoka kwa anga lile?

Tuanze na ugumu wenyewe, kwa sababu asiyeujua atadhani ni mchezo wa kubonyeza kitufe.

Kwetu jua halitelezi kwa ubavu kuelekea upeo wa macho kama lifanyavyo Ulaya ya kaskazini. Linashuka karibu wima. Tangu ukingo wake wa chini uguse maji hadi ukingo wa juu upotee ni zaidi kidogo tu ya dakika 2, na mwanga wa kutosha kusomea Biblia nje huisha baada ya dakika kama 20 na ushei. Mpiga picha wa Norway akichelewa kufungua begi bado ana jioni. Wa Musoma akichelewa, hana.

Kisha kuna kamera yenyewe. Jicho letu linaweza kuona wekundu wa mawingu na wakati huohuo likamwona mvuvi aliye kwenye mtumbwi. Kamera hulazimika kuchagua. Ikipima mwanga wa anga, mvuvi anakuwa kivuli cheusi. Ikimpima mvuvi, anga linaungua na kuwa jeupe. Tena kamera za siku hizi zimefundishwa kusahihisha rangi. Zikiona kila kitu kimekuwa cha rangi ya chungwa, hudhani ni kosa la taa, kama taa ya sebuleni, nazo huuondoa ule uchungwa kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana watu wengi hupiga picha ya jua la moto wakapata picha ya jua la maziwa. Ndugu yetu alichukua miezi kadhaa kabla ya kujua kwamba ni lazima aiambie kamera yake isimsaidie.

Ugumu huu ni wa zamani. Frederick Scott Archer, Mwingereza, alipotangaza mwaka 1851 njia ya kupiga picha kwa mabamba ya kioo yaliyopakwa kolodioni, mabamba yale yalihisi sana mwanga wa buluu na karibu hayakuhisi wekundu hata kidogo. Mpiga picha akisubiri nchi ionekane vizuri, anga lilikuwa limekwisha kupita kiasi, likatoka tupu, jeupe kama karatasi. Mfaransa Gustave Le Gray alipata njia ya kukwepa. Katika picha zake za bahari za mwaka 1856 na 1857 alitumia mara kwa mara negativu mbili, moja ya anga na moja ya maji, akaziunganisha kwenye mstari wa upeo. Watu walistaajabu. Baadaye wapiga picha wengi walikuwa na akiba ya negativu za mawingu, na wingu lilelile liliweza kuonekana juu ya mji huu na juu ya ule. Rangi nazo zilingoja hadi mwaka 1907, ndugu wawili Lumière walipoanza kuuza mabamba yaliyonyunyiziwa chembe ndogo sana za wanga wa viazi zilizotiwa rangi. Lakini mabamba hayo yalihitaji mwanga wa muda mrefu, na mawingu ya jioni hayasimami.

Hapa lipo swali la kwanza la kimaadili, nalo linaigusa amri ya tisa. Je, Le Gray alisema uongo?

Siku hizi swali limekuwa rahisi kutenda na gumu kujibu. Zipo programu za simu ambazo kwa mguso mmoja huondoa anga la kijivu na kuweka la dhahabu. Ndugu yetu alikiri mbele ya darasa kwamba aliwahi kuchukua anga la Jumanne na kulipachika juu ya ziwa la Ijumaa, akalituma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa pamoja na salamu za Sabato. Watu zaidi ya thelathini wakaandika "Amina". Hakuna aliyeumia. Lakini alisema kwamba zile Amina zilimkaa vibaya.

Mimi sioni kwamba kuunganisha picha mbili ni uongo kwa asili yake. Le Gray alikuwa na bamba lisiloweza kuona anga na bahari kwa pamoja, naye alijaribu kurudisha kile ambacho jicho lake lilikuwa limekiona kwa pamoja. Kuirekebisha kamera ili wekundu ubaki ni vivyo hivyo. Aliyesimama pale aliuona wekundu, mashine ndiyo iliyoukana. Hata macho yetu yana mipaka yake. Hewa huupinda mwanga, kiasi kwamba jua linapoonekana kugusa maji, kwa kweli limekwisha kushuka chini ya upeo. Tunachokitazama ni mwanga uliopinda kutufikia, tena uliolitoka jua dakika 8 na zaidi zilizopita. Kama ukweli ungekuwa kuonyesha kitu mahali kilipo hasa, hakuna binadamu aliyewahi kusema ukweli kuhusu machweo.

Ukweli wa picha unategemea ahadi iliyoambatana nayo. Picha iliyotumwa Ijumaa jioni na maneno ya Sabato njema inasema: tazameni, hivi ndivyo ilivyoingia leo. Anga la Jumanne haliwezi kuitimiza ahadi hiyo hata likiwa zuri namna gani. Na ubaya wake hauko kwa watazamaji peke yao. Ijumaa ile ilikuwa na anga lake, la kijivu, lililotandazwa na Mungu yuleyule, na ndugu yetu alilifuta kwa sababu halikumfaa. Nadhani ndicho kilichomkaa vibaya. Ni jambo zito kidogo kumwambia Muumbaji kwamba kazi yake ya leo haitoshi kutumwa kwenye kundi.

Kuna jambo la pili ambalo darasa halikuligusa, nami naliona zito kuliko la kwanza. Wekundu wa jioni unatoka wapi? Mwanga wa jua linapokuwa kwenye upeo hupita katika hewa nyingi, takriban mara 38 ya ile unayopita jua likiwa utosini. Njiani buluu hutawanywa pembeni, na mwekundu ndio unaofika. Lord Rayleigh aliieleza hesabu yake mwaka 1871. Lakini jioni zile nyekundu kupita kawaida huwa zina sababu nyingine ya ziada, nayo mara nyingi ni vumbi au moshi.

Mnamo tarehe 27 Agosti 1883 mlima wa Krakatoa, katika mlango wa bahari kati ya Java na Sumatra, ulilipuka. Zaidi ya watu 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi yaliyofagia vijiji vya pwani. Vumbi laini na gesi vilipanda juu sana vikaizunguka dunia, na kwa miezi mingi machweo yalikuwa ya ajabu katika nchi ambazo hazikusikia hata mvumo wa mlipuko. London, kando ya mto Thames huko Chelsea, mchoraji William Ascroft alitoka jioni baada ya jioni na kalamu zake za rangi, akichora haraka kabla rangi haijabadilika, maana hapakuwa na picha ya kamera iliyoweza kushika rangi zile. Aliendelea hadi mwaka 1886 na kufikisha michoro zaidi ya 500. Huko Marekani, Novemba 1883, vikosi vya zimamoto viliitwa huko Poughkeepsie na New Haven kwa sababu watu waliuona mwangaza wakadhani mji unateketea.

Nimeiwaza habari hii mara nyingi. Kile kilichokuwa uzuri kwenye ukingo wa Thames kilikuwa kaburi kwenye pwani ya Java, na kilikuwa kitu kilekile. Ascroft hakufanya ubaya wowote. Michoro yake iliwasaidia wataalamu, na mingine ilitiwa katika taarifa ya Royal Society ya mwaka 1888. Lakini mchoro hauwezi kutoa harufu ya moshi. Picha hulikata anga kutoka kwenye sababu zake na kutukabidhi uzuri ukiwa umeoshwa.

Kwetu vilevile. Tangu Juni hadi Septemba anga la magharibi huwa jekundu kama shaba, nasi tunasema Mungu ametupambia jioni. Sehemu ya wekundu ule ni moto wa nyika. Mahali fulani mtu amechoma kichaka ili apate majani mapya ya ng'ombe, na moto umevuka mpaka hadi shamba la jirani. Sisemi tuache kuustaajabia uzuri huo, maana jua nalo ni la kweli na uzuri ni wa kweli. Ila katika Mathayo 16:2-3 Bwana aliwakumbusha watu waliojua kusoma wekundu wa jioni na kutabiri hali ya hewa, lakini hawakuweza kusoma mambo yaliyokuwa yakitendeka mbele yao. Sisi tunaozijua sana tarehe za 19 Mei 1780 na 13 Novemba 1833 tunapenda fungu hilo, na mara nyingi tunalielekeza kwa wengine. Linauliza pia kama sisi tukiuona wingu mwekundu tunamkumbuka aliyeunguliwa na shamba.

Sasa nirudi kwenye kile ninachodhani ndicho kiini, yaani kuhifadhi. Mtu hupiga picha kwa sababu kitu kinapita naye hataki kipite. Hamu hiyo si dhambi. Petro aliipata mlimani, alipoona uso wa Bwana uking'aa akataka kujenga vibanda vitatu (Mathayo 17:4), na Luka anaongeza kwamba hakujua alisemalo. Alitaka utukufu ukae. Wingu likaja, sauti ikawaambia wamsikilize Mwana, na walipoinua macho hawakuona kibanda wala mng'ao, ila Yesu peke yake, na kazi iliyokuwa ikiwangoja chini ya mlima.

Lakini Maandiko hayakatazi kila kuhifadhi. Someni pamoja darasani Kutoka 16, polepole, mkiwa na picha za ndugu yetu akilini. Mana inaokotwa kila asubuhi. Wako wanaosaza hadi siku ya pili, nayo inaota mabuu na kunuka (fungu la 20). Kisha siku ya sita wanaokota maradufu, wanasaza kwa agizo la Bwana, na asubuhi ya Sabato haina mdudu (fungu la 24). Halafu, mwishoni mwa sura, Musa anamwambia Haruni atwae kopo, atie pishi ya mana, na kuiweka mbele za Bwana ilindwe kwa ajili ya vizazi. Chakula kilekile, kutoka mbingu ileile. Kimoja kinaoza kwa usiku mmoja, kingine kinadumu siku mbili, kingine kinadumu vizazi.

Tofauti ni nini? Mana haikubadilika. Aliyesaza siku ya kwanza alisaza kwa sababu hakuamini kwamba kesho kutakuwa na mana. Akiba yake ilikuwa hofu. Aliyesaza siku ya sita alisaza kwa sababu aliamini. Na kopo lile halikuwa la mtu yeyote kula. Lilikuwa kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa, wapate kuona. Ndivyo pia yalivyokuwa yale mawe 12 ya Gilgali, ambayo kazi yake ilikuwa kumfanya mtoto aulize swali (Yoshua 4:6).

Basi picha elfu nne kwenye simu ni mana ya aina gani? Naogopa nyingi ni za siku ya kwanza. Sisemi za huyu ndugu peke yake. Ni zetu sote tunaoinua simu kwenye harusi, kwenye ubatizo, hata kwenye mazishi, halafu hatuzitazami tena. Tunasaza kwa hofu kwamba kesho hakutakuwa na kitu cha kutushangaza, au kwamba tusipoonyesha tulikuwepo itakuwa kana kwamba hatukuwepo. Hazinuki, ni kweli. Zinajaza simu tu hadi tununue nyingine.

Tena kuna gharama isiyoonekana ndani ya picha. Mke wa ndugu yetu alisimulia jambo dogo. Binti yao wa miaka minane alimfuata baba yake mawe­ni jioni moja, akaketi juu ya jiwe mbele kidogo, miguu ikining'inia majini, akitazama jua. Baba akamwambia, "Mama, sogea, umekaa kwenye picha." Mtoto akasogea. Baba akapata picha safi, ziwa na anga bila mtu. Mama yule hakusema zaidi, na darasa lilinyamaza kidogo. Katika watu wote waliokuwa ufukweni jioni ile, mtoto ndiye aliyekuwa akifanya kile ambacho anga limekusudiwa kwacho.

Ayubu aliapa kwamba hakuwahi kulitazama jua likiangaza, moyo wake ukashawishiwa kwa siri, naye akaubusu mkono wake kwa kuliabudu (Ayubu 31:26-27). Hakuna kati yetu anayebusu mkono kwa jua. Ila kitu chochote kinachoweza kumwambia mtoto wako asogee, nawe ukatii, kinastahili kuchunguzwa.

Mpaka hapa mtu angeweza kudhani jibu langu ni kwamba kamera ibaki nyumbani siku ya Ijumaa. Karibu niseme hivyo. Si kwa sababu kubonyeza kitufe ni kazi, maana hakuna uzito zaidi ya kufungua kitabu cha nyimbo, na mzee wetu aliyesema ni kazi alikuwa amekuja kanisani kwa pikipiki aliyoipiga teke mara sita ndipo ikawaka. Ni kwa sababu ya Isaya 58:13, inayozungumzia mtu kugeuza mguu wake na kuacha kuyatafuta yampendezayo mwenyewe. Siku sita unaweza kulifukuza anga. Siku moja ungekaa nalo likiondoka, pamoja na watu wako, ukauache mkono utulie.

Lakini mambo ya kweli hayakai vizuri hivyo. Mjadala ulipokuwa ukielekea huko, shemasi mmoja mwanamke aliomba nafasi. Alisema kuna bibi, mshiriki wa siku nyingi, aliyevunjika nyonga. Amelala kwa mwanawe, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Kwa miezi kadhaa ndugu yetu amekuwa akituma picha ya anga kila Ijumaa kwa simu ya mjukuu, na bibi hushikiwa simu, akatazama, akasema Sabato imeingia, ndipo wanaanza wimbo. Shemasi akauliza kama darasa linataka kumnyima bibi Sabato yake.

Mkewe mhasibu hakuwa amejua. Mumewe hakuwa amemwambia.

Mathayo 12:12 inasema wazi kwamba ni halali kutenda mema siku ya Sabato, na sioni jema lililo wazi kuliko hilo. Picha iliyo anasa kwa mpigaji ilikuwa dirisha kwa mtu mwingine. Kopo la mana limekuwa humo siku zote, katikati ya zile pishi zilizooza, na hakuna aliyeweza kulitambua kwa kutazama picha yenyewe. Ni mkono ule ule, jiwe lile lile, dakika zile zile 2. Wala sidhani tunaweza kutengeneza kanuni itakayotenganisha hayo mawili kutoka nje. Darasa likijaribu litatunga sheria kama ya saa 12 jioni, nyepesi kukumbuka na isiyolingana na jua.

Yapo maswali ambayo yangeweza kuulizwa kwa upole. Kama picha moja inamtosha bibi, zile arobaini nyingine za Ijumaa ni za nani? Kama ni huduma, kwa nini haikujulikana nyumbani, na je, watoto wasingefurahi kuwa sehemu yake? Na mke aliyeachwa afungue Sabato peke yake na watoto, je, yeye naye hana dirisha linalotazama ukuta?

Mwishowe mzee yuleyule wa pikipiki alitoa shauri la kupatanisha. Alisema, "Mwanangu, piga picha Alhamisi. Ijumaa alasiri umtumie bibi mapema, kisha jua likizama uwe nyumbani kwako. Wote wamepata." Lilikuwa shauri la busara na watu wengi waliitikia. Shemasi akaahidi kulifikisha.

Alipokwenda kumjulia hali, akamwamkia, akamweleza bibi mpango. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akashukuru kwa kukumbukwa, akasema la Alhamisi halitaki. Anataka la leo, hata kama ni wingu tupu.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa wingu tupu kweli. Mvua ilikuwa imekaa juu ya ziwa tangu saa kumi, na wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda kama moshi. Ndugu yetu alipiga picha moja kwa simu, mlangoni pa nyumba yake, akaituma saa 12:51. Baada ya dakika chache mjukuu alijibu kwamba bibi ameiona, anawasalimu wote, ila anauliza ziwa liko upande gani.